Kompyuta Haijaondoa Dhima ya Kupima

Miongoni mwa vijana wetu wanaosomea shahada ya uzamivu katika uhandisi na teknolojia, wapo wengi wanaofanya utafiti wao kwa uigaji, yaani kwa kuunda ndani ya kompyuta mfano wa daraja, mto au mtambo, kisha kuutia mzigo, mvua au joto na kutazama litakalotukia. Njia hii ina heri kubwa, kwa kuwa hakuna mhandisi awezaye kuangusha madaraja kumi ili ajue namna ya kulijenga la kumi na moja. Walakini heshima iliyopewa imezaa dhana ya hatari, kwamba picha yenye rangi za kupendeza kwenye skrini ni ushahidi tosha, ilhali ni dai lingali likingoja shahidi.

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na mji wa Stavanger nchini Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la gesi liitwalo Sleipner A kilikuwa kikididimizwa taratibu majini ili kijaribiwe kabla ya kuunganishwa na sehemu ya juu, ndipo ukuta ulipopasuka, maji yakaingia kwa wingi yasiweze kuzuilika, na kitako chote kikazama. Uchunguzi ulibaini kwamba waliofanya hisabu kwa kompyuta waligawa umbo lile katika vipande vikubwa mno mahali kuta zinapokutana, mithili ya mvuvi atafutaye dagaa kwa wavu wa macho mapana, hata nguvu ya kukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo nazo zikawekwa haba. Hisabu iliporudiwa kwa vipande vidogo ilionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Nao kwa hakika ulishindwa kwenye mita 65.

Basi uigaji ule ule uliopotosha ulipofanywa kwa hadhari ulikaribia mno kusema kweli, na kilichozitenga hisabu hizo mbili kwa yakini ni maji yenyewe. Laiti kusingalikuwa na jaribio lile, kosa lingaliendelea kujificha.

Tulitazame sasa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yalilitia msiba, na ambamo kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa Jangwani kimeingiliwa na maji mara kadhaa. Mtafiti aweza kuyaigiza mafuriko hayo pasipo kulowana, lakini sharti kompyuta ielezwe mvua iliyonyesha huko juu Pugu, kimo maji yalichofikia darajani, na kiasi cha mchanga na taka vilivyojaa mkondoni. Akiazima takwimu hizo kutoka mito ya nchi nyingine, hata milinganyo yake iwe sahihi namna gani, atakuwa amelieleza bonde lisilokuwepo.

Wapo watakaosema kwamba kupima kunahitaji fedha na muda, na insafu inatulazimu kukiri hivyo. Hata hivyo kipimamvua si ghali kama leseni za baadhi ya programu, na alama za matope zilizobaki ukutani mwa nyumba, pamoja na kumbukumbu za wakazi, ni hazina isiyohitaji ila miguu na daftari. Vyuo vinaponunua kompyuta vinunue na vipimo, nazo idara zilizohifadhi takwimu za mvua na mito ziwafungulie watafiti milango pasipo usumbufu.

Fauka ya hayo, kila tasnifu ya uigaji ilinganishwe na vipimo ambavyo havikutumika kuuunda mfano wake, na itaje waziwazi kiasi cha kukosea kwake. Mtahini naye, kabla ya kuuliza jambo jingine lolote, amuulize mtahiniwa ni kipimo kipi ambacho kingaliweza kumkadhibisha, na kama alikitafuta. Na asiyekuwa na jibu arudishwe uwandani kabla hajavishwa joho.