Aliyeruka uzio ndiye alipe

Wakuu wa michezo ya vyuo wanasubiri avunjike nani? Januari 2024, Caitlin Clark, nyota wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, alikuwa akikimbilia mlango wa kutokea baada ya Iowa yake kufungwa na Ohio State 100-92 katika muda wa nyongeza. Shabiki mmoja, naye akikimbilia uwanjani kushangilia, akagongana naye, Clark akaanguka. Radhi zikaombwa. Mwezi mmoja baadaye, Februari 24, Wake Forest wakaifunga Duke 83-79, jukwaa likamwagika tena, na Kyle Filipowski wa Duke akatolewa akiegemea mabega ya wenzake, goti limeumia. Kocha wake, Jon Scheyer, aliuliza siku ile ile: upuuzi huu utapigwa marufuku lini?

Bado anasubiri jibu.

Na asidhani mtu kwamba wanaoumia ni wageni tu. Mwaka 1993, kwenye futiboli ya Marekani, Wisconsin ilipoifunga Michigan, wanafunzi walisukumana kuelekea uwanjani mpaka walio mbele wakabanwa kwenye vyuma vya uzio, zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Mwaka 2001, kwenye uwanja wa Ball State, mashabiki waliangusha milingoti ya goli, ikamwangukia mwanafunzi wa chuo hicho hicho, akapooza miguu. Mwaka 2004, katika shule moja ya sekondari ya Tucson, mashabiki walimrukia shujaa wao wenyewe, kijana aliyekuwa ametoka kuwapa ushindi. Alipata kiharusi, mwili ukapooza upande mmoja. Aliumizwa na watu waliompenda.

Visingizio vya kuacha watu wavamie uwanja tunavijua. Ni mila. Ni furaha ya ujana. Watu ni wengi mno, utawazuiaje? Kipo na kingine kisichosemwa kwa sauti: picha zake zinapendeza. Televisheni huzirudia wiki nzima, na chuo kinachotafuta wanafunzi na wafadhili hakiwezi kununua tangazo zuri kuliko hilo.

Basi wakuu wa ligi wakaja na dawa yao: faini kwa chuo. Ligi ya SEC, ya vyuo vingi vya kusini mwa Marekani, iliweka ngazi mwaka 2023: dola 100,000 kwa kosa la kwanza, 250,000 kwa la pili, 500,000 kwa la tatu. Tazama ilivyofanya kazi. Oktoba 2024, kwenye futiboli, Vanderbilt, chuo cha ligi hiyo, waliifunga Alabama 40-35, jambo ambalo hawakuwa wameliona tangu 1984. Mashabiki waling'oa mlingoti wa goli, wakaupitisha mitaa ya Nashville hadi Mto Cumberland, wakautosa majini. Chuo kikatozwa ngazi ya kwanza. Januari 2025, kwenye kikapu, wakaifunga Tennessee, watu wakaingia uwanjani: ngazi ya pili. Wiki moja tu baadaye wakaifunga Kentucky, wakaingia tena: ngazi ya tatu. Dola 850,000 ndani ya miezi minne, na hakuna aliyefunga mlango.

Wangefunga kwa nini? Vipande vya mlingoti ule viligeuzwa bidhaa, vikauzwa kwa mashabiki. Tennessee nao, walipoifunga Alabama mwaka 2022 na milingoti yao ikaishia mtoni, waliwaomba mashabiki wachangie milingoti mipya, na fedha zikaingia. Mtoto akivunja kioo cha jirani na baba akalipa huku anacheka, usishangae kesho ukisikia kioo kingine.

Tangu 2025 SEC wameondoa ngazi na kutoza dola 500,000 kila mara. Sawa, kiasi kimekua. Lakini bado anayelipa ni mhasibu wa chuo, na anayeruka uzio ni kijana wa miaka 19 ambaye hata barua ya onyo haioni. Ligi ya ACC nayo imefuata njia hiyo hiyo kwa viwango vya chini, na tunatarajia matokeo yale yale.

Dawa yenyewe wanaijua, kwa sababu wanaitumia kila wiki katika miji hiyo hiyo. Nenda Marekani kwenye mechi ya besiboli au ya futiboli ya kulipwa, shuka jukwaani ukimbie uwanjani. Utaangushwa na walinzi, utakabidhiwa polisi, na kiwanja hicho pengine hutakiona tena. Kwa hiyo umati hauingii. Wanywaji ni wale wale, furaha ni ile ile, na pengine Jumamosi mtu huyo huyo alikuwa amening'inia kwenye mlingoti wa chuo chake. Jumapili anakaa kwenye kiti chake kwa adabu, maana anajua jina lake litaandikwa.

Jay Bilas, mchambuzi wa ESPN aliyewahi kuchezea Duke, alilisema hili waziwazi baada ya Filipowski kuumia. Hakuna haja ya kupigana na umati unaoingia, alisema. Ukishaingia, usiuruhusu kutoka mpaka kila mmoja ameandikiwa kosa lake. Watu wakamshangaa, utadhani amependekeza jambo la ajabu. Hatukuona ajabu yoyote. Ukiingia mahali usipotakiwa, unaulizwa jina.

Atatokea mtu wa kusema polisi hawawezi kuwaandika watu 5,000. Hawahitaji. Wawaandike hamsini wa kwanza, wale wanaoruka kabla hata king'ora cha mwisho hakijanyamaza, kwa sababu wale 4,950 huwa wanawafuata wao. Kamera zipo kila kona. Tiketi za wanafunzi katika vyuo vingi zimefungwa na kitambulisho cha chuo. Anayetaka kujua nani aliingia anaweza kujua kabla ya chakula cha jioni. Adhabu wala isiwe jela: mnyime tiketi za msimu mzima, mtoze faini kutoka mfuko wake mwenyewe, na kama amemgusa mchezaji, hapo polisi waendelee na kazi yao.

Na kama ni lazima washangilie kwenye nyasi, nasi hatuna ugomvi na furaha ya watu waliosubiri miaka 40, basi wangoje kidogo. Kanuni mpya ya SEC yenyewe imeacha mlango huo wazi: timu ngeni na waamuzi wakishatoka salama ndipo watu waingie, faini inaweza kusamehewa. Hilo linataka kamba, walinzi waliojipanga mapema, na mtangazaji wa uwanja mwenye sauti ya kusema "subirini". Ni kazi ya dakika chache, kwenye viwanja vinavyoingiza mamilioni ya dola kwa siku moja.

Kwa hiyo kabla msimu haujaanza, kila chuo kiandike kwenye tiketi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba atakayevuka uzio kabla ya ishara atakosa mechi zote zilizobaki. Kisha mechi ya kwanza ya ushindi mkubwa, hamsini hao waitwe ofisini Jumatatu asubuhi, hata kama mmoja wao ni mtoto wa mfadhili.