Mount Gelai inahitaji moto, si rangi

Marehemu baba alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli, Nairobi, na hakuwahi kuiamini injini kwa kuitazama nje. Alitaka ifunguliwe. Nami siridhiki ninapoiona injini ya mvuke Mount Gelai, namba 5918, imesimama katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni.

Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59, za aina ya Garratt, zilizoundwa na Beyer Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Tani 252 juu ya reli yenye upana wa mita moja tu! Boila inaning'inia katikati, mitambo ya magurudumu iko mbele na nyuma. Hivyo uzito ukagawanyika, na jitu hilo likaweza kukunja kona likipanda kutoka Mombasa na mizigo ya eneo hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi waliifufua, ikavuta tena mabehewa kabla ya kunyamaza tena. Asituambie mtu, basi, kwamba kuifufua hakuwezekani hapa.

Wamarekani walikuwa na kibarua kigumu zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya Union Pacific iliichukua injini ya mvuke Big Boy 4014 kutoka uwanja wa maonyesho wa Pomona, California, ambako hapakuwa na njia ya reli ya kuitoa. Wakatandika vipande vya reli juu ya maegesho ya magari, wakaivuta, wakang'oa vya nyuma na kuvipeleka mbele. Ilikokotwa hadi Cheyenne, ikafumuliwa, na Mei 2019 ikatembea kwa mvuke wake yenyewe.

Najua tutaulizwa kuhusu fedha wakati zahanati hazina dawa. Swali ni la haki. Lakini hatua ya kwanza si ya mabilioni: boila ikaguliwe, mabomba yaliyolika yatolewe, unene wa chuma upimwe, kisha ijazwe maji baridi kwa shinikizo ili ionekane inapovuja. Shirika la Reli lina chuo chake cha mafunzo hapa Nairobi. Liwaite wazee waliobaki wa karakana, wenye mikono inayoijua kazi hiyo, liwape vijana wa chuo wawafunze mwaka huu. Boila ikifaulu, safari ya Nairobi hadi Athi River na kurudi yatosha kwa kuanzia.