Ua la Usambara katika nyumba ya mabati

Binti yetu mmoja aliyeolewa Nairobi, akakaa Raila huko Kibera, ametuandikia juu ya ua alilotunukiwa: fupi, majani yake mazito yenye malaika, maua yake ya zambarau. Sasa majani yamelegea. Mumewe asema limekosa maji, basi kila asubuhi hulimiminia kikombe kizima, na maji yenyewe ni ya kununua kwa mtungi. Auliza, je, ni haki kulinunulia ua maji ilhali watoto wangali hawajaoga?

Mwanangu, tia kidole udongoni. Ukiwa umerowa na majani yamelegea, basi mizizi inaoza, na kila kikombe chazidisha maradhi. Sisi wa pwani tumelelewa na asumini, mmea upendao jua na maji, tukadhani kila ua ni vivyo hivyo.

Ua hili asili yake ni kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wajerumani hata leo huliita urujuani wa Usambara. Jamaa zake wamo pia Mbololo, Taita. Huko huota kivulini mwa msitu, katika nyufa za miamba zenye udongo haba, ambamo maji hupita yasituame. Ndiyo maana lataka chombo kidogo kilichotobolewa chini, na udongo mwepesi.

Limwagilie udongo wa juu ukikauka tu, yapata mara moja kwa wiki: finjani mbili za kahawa, tuseme mililita 100. Kwa kipimo hicho mtungi mmoja wa lita 20 walitosha zaidi ya miaka 3, na watoto wataoga. Maji yasiwe ya baridi, wala yasimwagikie majani, yatayatia mabaka.

Lililo gumu Raila ni mwanga. Chumba kisicho na dirisha hakitaliua upesi, lakini halitachanua. Liweke mchana karibu na mlango, mahali penye mwanga mwingi pasipofikwa na jua la adhuhuri, mbali na moshi wa jiko. Mwezi wa Julai, usiku usiliegemeze kwenye bati. Baridi ya Nairobi hupenya humo.

Ikiwa shina nalo limelainika, usihangaike nalo. Kata jani moja zima pamoja na kikonyo chake, kiasi cha inchi moja, ukichomeke kikonyo katika udongo wenye unyevu kidogo, ndani ya kopo lililotobolewa. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi vitatokeza chini ya jani. Na yule bwana aambiwe mapema kwamba kopo hilo halihitaji kikombe cha asubuhi.