Anayeuza gari afundishe na ufunguo wake

SAFU YA BARABARANI
Na Rukia Mbwambo

Kisa kinachonifikia mara nyingi kuliko vyote kutoka kwa wasomaji wa safu hii ni hiki. Mtu ametoka kazini usiku, pengine ni muuguzi aliyemaliza zamu. Amefika gari lilipoegeshwa, amebonyeza rimoti, gari kimya. Anabonyeza tena, anasogea hadi mlangoni, anavuta kitasa, wapi. Anampigia fundi, naye fundi anajibu kwamba hilo ni tatizo la umeme, livutwe. Linavutwa. Kesho yake analipa gharama ya kuvuta, gharama ya kufungua mlango kwa waya, na gharama ya kitu kinachoitwa "kuprogramu ufunguo upya". Kumbe kilichokwisha ni betri iliyomo ndani ya rimoti, kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho fundi saa yeyote mjini anakiuza kwa fedha kidogo.

Wengi humlaumu fundi. Mimi naanza kwa aliyeuza gari. Alipokea mamilioni ya mwenzake, akamkabidhi ufunguo mkononi, akampigia picha na gari lake jipya, na juu ya ufunguo ule hakusema hata neno moja.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika: Vitz, Premio, Harrier, X-Trail, Forester, Demio. Kitabu cha maelekezo kama hakikupotea njiani basi kimeandikwa Kijapani. Na gari lenyewe hutoa onyo. Kwenye mengi ya haya yenye kitufe cha kuwashia, betri ya ufunguo ikikaribia kwisha, kioo kidogo cha mbele ya dereva huandika hivyo. Mjapani aliyekuwa nalo angesoma na kununua betri jioni ileile. Huku kwetu dereva anaona maandishi asiyoyajua, anabonyeza mpaka yaondoke, anaendelea na safari. Gari limeonya wiki kadhaa na hakuna aliyelielewa. Tatizo hili litazidi kukua. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo yanayoshuka Mombasa sasa mengi ni ya kizazi cha kitufe, na ya Dar es Salaam nayo yanaelekea hukohuko.

Ukiushika ufunguo wa namna hii umeshika vitu vitatu kwa pamoja, na mwenye gari akivijua hivyo vitatu halali nje.

Cha kwanza ni ufunguo wa chuma. Umefichwa ndani ya rimoti. Tafuta kilatchi kidogo pembeni au nyuma, kisukume, uvute, utachomoka. Huo hauhitaji betri wala umeme wowote, unafungua mlango wa dereva kama funguo zilivyofungua tangu zamani. Kwenye baadhi ya magari tundu lake halionekani kwa sababu limezibwa na kifuniko cha plastiki karibu na kitasa, nacho hubanduliwa taratibu. Magari mengine yenye king'ora yatapiga kelele ukifungua kwa chuma. Usiogope macho ya watu. Kelele itakoma gari likiwaka.

Cha pili ni redio. Hiyo ndiyo inayozungumza na gari ukibonyeza, au ukikaribia mlango huku rimoti iko mkobani. Redio ndiyo inayokula betri.

Cha tatu ni chipu ya kuzuia wizi, na hapa ndipo naomba msomaji atulie nami kidogo. Chipu hiyo haitumii betri. Karibu na kitufe cha kuwashia kuna koili inayotoa uga wa sumaku, na ufunguo ukisogezwa pale chipu inapata umeme wake kutoka kwenye uga huo, inajitambulisha, na gari linakubali. Kwa maneno mengine, gari lenye rimoti iliyokufa kabisa bado linawaka. Kwenye Toyota, hakikisha gia iko P, kanyaga breki, gusisha kitufe cha kuwashia kwa upande wa ufunguo wenye nembo. Utasikia mlio. Ndani ya sekunde 10 bonyeza kitufe, injini itawaka. Mazda na Subaru nyingi hufuata utaratibu unaofanana na huo. Nissan za zamani kidogo baadhi zina tundu la kuchomeka rimoti nzima karibu na usukani. Volkswagen nyingi zinataka uisogeze rimoti ubavuni mwa mhimili wa usukani. Mahali hutofautiana, lakini mahali papo, na muuzaji anaweza kukuonyesha siku ya kwanza kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Jambo moja lipimwe kabla ya kulaumu rimoti. Nyingi zina taa ndogo inayomulika ukibonyeza. Ikimulika vizuri na gari bado ni bubu, na ukiingia ndani kwa ufunguo wa chuma hakuna taa hata moja inayowaka, basi aliyekufa ni betri kubwa ya gari, na hiyo ni habari nyingine. Nimeona watu wakibadilishiwa vitu visivyo na kosa kwa sababu hakuna aliyetazama kataa hako.

Sasa betri yenyewe. Ina namba, na kila tarakimu ina kazi. CR2032 maana yake ni betri ya duara ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule ila unene ni 2.5. CR1632 ni nyembamba kwa upana, milimita 16, unene 3.2. Zote ni za volti 3. Rimoti nyingi za Toyota za miaka ya nyuma hutumia CR1632, za karibuni nyingi CR2032, na Nissan nyingi CR2025. Lakini usiende dukani na jina la gari. Hili nilifundishwa na mzee mmoja fundi saa, mwenye kijimeza cha kioo kando ya mtaa Kariakoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Saa imesimama?"

"Hapana mzee, ni rimoti ya gari."

Hakuniuliza gari gani. Aliifungua, akaitoa betri, akaisogeza kwenye mwanga na kusoma namba yake. "Wapo wanaokuja kuniambia nipe ya Toyota," alisema. "Nawarudisha wakaniletee ya zamani. Toyota sijui, namba najua." Kisha akachukua mita yake na kuipima betri niliyokuja nayo. Ilikuwa karibu volti 3, kasoro kidogo. Nikamwambia mbona nzima. "Ukiipima imelala utaiona nzima," akajibu. "Itume kazi, itazimia."

Alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kujulikana. Betri ya lithiamu haishuki polepole kama betri za tochi tulizozizoea, ambazo mwanga hufifia siku hadi siku. Volti zake hukaa palepale kwa muda mrefu, na huku ndani ukinzani unapanda. Siku inafika ukibonyeza, redio inataka umeme mwingi kwa mpigo mmoja, betri haiwezi kuutoa. Ndiyo maana watu husema "jana ilikuwa inafanya kazi". Dalili zipo, nazo ni ndogo: zamani ulifungua gari ukiwa ng'ambo ya barabara, sasa mpaka uligusie, zamani ulibonyeza mara moja, sasa mara mbili tatu. Toyota wenyewe huandika kwamba betri hii hudumu kati ya mwaka 1 na 2. Gari lililokaa yadi Japani, likakaa melini, likakaa bandarini, likakaa yadi ya hapa, limekufikia betri ikiwa imeshakula sehemu kubwa ya umri wake. Ukinunua gari leo, badilisha betri ya rimoti leo.

Kuibadilisha hakuhitaji gereji. Chomoa ufunguo wa chuma. Pale ulipotoka utaona mwanya. Ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa ili isichubue plastiki, ipindishe kidogo, nusu mbili zitaachana. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, uone upande wenye alama ya kujumlisha umelalaje, kwa kuwa rimoti nyingine huuweka juu na nyingine chini. Itoe ya zamani bila kupinda vile vibati vyembamba vinavyoishika. Shika mpya kwa kingo zake, usiibane nyuso mbili kwa vidole vyenye mafuta. Iweke, funga mpaka usikie imebana pande zote, jaribu.

Usikubali mambo mawili. La kwanza ni kuwekewa CR2025 mahali pa CR2032 na kusindikiziwa karatasi ya fedha ya sigara ili igusane. Itafanya kazi mpaka rimoti idondoke mara ya kwanza. La pili ni betri iitwayo LIR2032. Ina umbo lilelile, lakini hiyo ni ya kuchajiwa na volti zake huzidi zile ambazo rimoti imeundiwa.

Na kuprogramu? Kwenye magari haya kubadilisha betri aghalabu hakufuti chochote. Utambulisho wa ufunguo umeandikwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri. Fundi akikuambia lazima auprogramu upya kwa sababu umebadilisha betri, mwombe kwanza aiweke betri na kubonyeza. Ikifungua, hakuna deni la programu. Naheshimu sana kazi ya mafundi wa funguo. Kuchonga na kusajili ufunguo mpya pale wa mwisho ulipopotea ni kazi ngumu inayostahili malipo yake. Kumtoza mtu kwa kazi ambayo haikufanyika ni wizi, na nauita kwa jina lake.

Ipo sehemu ya jambo hili ambayo siwezi kuipita haraka. Ni watoto. Sisi ni watu wa kumtuliza mtoto anayelia kwa kumpa funguo achezee. Rimoti yenye ufa au kifuniko kilicholegea huachia betri kirahisi, na betri ya milimita 20 ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu hukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikikwama haimsubiri asubuhi. Umeme wake unapopita kwenye majimaji ya mwili hutengeneza alkali kali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri "iliyokufa" nayo inaunguza, maana umeme ulioshindwa kuendesha redio bado unatosha kuharibu umio. Marekani mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kulazimisha vyumba vya betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kufungua. Inaitwa Sheria ya Reese, kwa jina la mtoto wa miezi 18 wa Texas aliyemeza betri ya rimoti na kufariki mwishoni mwa 2020.

Ukihisi mtoto amemeza, kimbia hospitali, taja neno betri mlangoni, omba eksirei. Usimtapishe. Aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi vipindi sita, kwa kuwa asali hupunguza makali ya kuungua. Ila safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka asipewe. Na ile ya zamani uliyoitoa kwenye rimoti, ifunge kwa selotepu pande zote mbili na uiweke juu mahali pasipofikika, isiachwe dirishani wala kutupwa kwenye taka ambazo watoto huchezea.

Mkiwa na ufunguo wa akiba, usiuweke juu ya televisheni wala kando ya kompyuta. Redio yake husikiliza wakati wote, na mawimbi ya vifaa hivyo huifanya ichoke bure. Uache umbali wa mita moja au zaidi. Toyota nyingi zina njia ya kuulaza: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, taa itamulika mara nne. Kubonyeza chochote baadaye kunauamsha. Ufunguo uliolala haujibu gari, na haujibu mwizi pia. Tangu mwaka 2011 watafiti wa ETH Zürich walionyesha kwamba mawimbi kati ya gari na ufunguo ulio mbali yanaweza kupokelewa na kurefushwa kwa vifaa, mlango ukafunguka na mwenyewe hana habari.

Ninachowaomba wenye yadi ni kidogo. Gari likikabidhiwa, ufunguo wa chuma uwe ndani ya rimoti yake, maana nimeona nyingi zikiuzwa na nafasi tupu. Funguo zote mbili zilizokuja na gari zitolewe. Kama ulikuja mmoja, mnunuzi aambiwe kabla hajalipa. Betri mpya iwekwe mbele ya macho yake. Kisha asimame kando ya mlango aufungue kwa chuma mwenyewe, akae, aliwashe kwa kugusisha, mara moja tu. Shule za udereva nazo zikiweza kutenga dakika kumi za somo hili zitakuwa zimewafaa wanafunzi wao.

Maelekezo ya Kiswahili yanaenea ukurasa mmoja. Yadi yoyote itakayoyataka, iwe Dar, Mwanza, Arusha au Mombasa, iniandikie kupitia gazeti hili na kunitajia aina za magari inayouza. Nitayaandika na kuyatuma bila malipo, na jina la yadi litakaa juu ya ukurasa.