Buibui Amesingiziwa

Mvua za Novemba zikianza Tabora, iwe Kanyenye au Isevya, utasikia hukumu ile ile. Mtoto ameamka na mchirizi mwekundu shingoni, kesho yake umetoka malengelenge, na watu wazima hawahitaji ushahidi: amekojolewa na buibui. Fagio linashikwa, pembe za dari zinasafishwa.

Upuuzi. Buibui hana mkojo wa kuunguza mtu. Uchafu wake ni tone jeupe lenye maji machache, likikauka linabaki doa la chokaa ukutani. Anayeunguza ni mbawakawa mwembamba, mwekundu kwa mweusi, urefu wake hauzidi sentimita moja, ambaye wengi humwita nzi wa Nairobi ingawa si nzi. Anafuata taa. Haumi, ila ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake yana sumu iitwayo pederini, na mchirizi hufuata pale mkono ulipopangusa. Malengelenge huja baadaye, pengine siku ya pili. Mkosaji keshaondoka, anayekutwa ukutani ni buibui, kwa kuwa ndiye mwenyeji. Mbawakawa huyo akitua mwilini mwako, mpulize, kisha osha kwa sabuni. Na mkanda wa jeshi, ambao nao hutwikwa buibui, ni virusi vya tetekuwanga vilivyoamka upya mwilini. Mgonjwa anatibiwa "mkojo" nyumbani huku siku za kwenda zahanati zikipita.

Weka fagio, chukua tochi. Mwenye miguu mirefu myembamba, anayening'inia kwenye pembe ya dari, ukimgusa hutikisa utando mpaka macho yako yampoteze. Jike hubeba mayai kwa taya, kifurushi ambacho chembe zake zinahesabika, na watoto wakianguliwa hukaa utandoni karibu naye kwa siku kadhaa kabla ya kutawanyika. Yule mkubwa, bapa, anayekimbia ukutani usiku, hategi utando, anawinda mende. Kile kiduara cheupe anachokikumbatia chini ya mwili, ambacho watu hudhani ni mfuko wa sumu, kina watoto wake, mamia. Kuna na mdogo anayeruka, macho mawili makubwa mbele. Ndugu yake wa kandokando ya Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, alionyeshwa na watafiti mwaka 2005 kuwa huchagua mbu jike aliyeshiba damu. Nasi tunafagia, halafu tunalalamikia malaria.

Kama ni lazima kumchukia mwenye miguu minane, njia ya zamani ya misafara inamjua wa kweli. Papasi, ambaye ni wa ukoo mmoja na buibui, alijificha kwenye nyufa za vibanda walimolala wapagazi, akatoka usiku kunyonya damu. Robert Koch, akichunguza homa ya papasi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, aliwakuta papasi kwenye vibanda hivyo, na vimelea vya homa hata ndani ya mayai yao: watoto walirithi ugonjwa kwa mama. Papasi hana utando. Anakaa sakafuni, kwenye ufa, na fagio la darini halijawahi kumgusa.