Siku ya Wapendanao kwa Asiyekula Ngano: Meza ya Ziwa Inatosha

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 14 Februari, maduka ya Kigoma mjini huanza kuvaa wekundu. Biskuti na chokoleti hufungwa katika karatasi za kung'aa, na wapishi wa keki wa majumbani, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, hupokea maagizo ya keki zenye umbo la moyo. Kwa wapenzi wengi, zawadi hizo hazina la kuuliza. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, keki ileile iliyonunuliwa kwa upendo inaweza kuwa chanzo cha majuma kadhaa ya maradhi, na mara nyingi huila akiwa anajua hivyo, kwa sababu ameona haya kuikataa mbele ya anayempenda.

Siliaki si mzio wa kawaida wala si tumbo kuchagua chakula. Ni ugonjwa ambao ndani yake kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba wa mwili uleule inaopaswa kuulinda. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike na mkate uumuke. Vinyweleo vidogo mno vilivyo ndani ya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho, husinyaa na kulala. Matokeo yake ni kuharisha kusikokoma, gesi, kupungua uzito, uchovu na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Kwa wengine tumbo halilalamiki kabisa: dalili huwa ni mifupa kudhoofu, vipele vinavyowasha, mimba kuharibika au kuchelewa kushika. Dawa ya kuuponya bado haipo. Tiba ni moja, nayo ni kuacha gluteni maisha yote.

Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, vita vilipoifikisha Uholanzi kwenye njaa na mkate ukaadimika, ilionekana kwamba watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati watoto wengine wakidhoofika. Mkate uliporejea, ugonjwa wao nao ulirejea. Dicke, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, alizikusanya hoja zake katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Tangu hapo, wagonjwa wengi duniani wamerudishiwa afya bila kisu wala sindano, kwa kubadilishiwa chakula tu.

Wapo wanaosema kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo haina msingi. Katika nchi nyingi zilizopima, siliaki humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisaharawi, walio katika bara hilihili la Afrika, ulikuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wakiwa nao. Afrika Mashariki bado haijapima watu wengi, na kuharisha kwa muda mrefu huku kuna visababishi vingine vingi: giadia, kifua kikuu cha tumbo, maambukizi ya VVU, minyoo. Ni haki kwa daktari kuanza na hivyo. Si haki kuishia hapo mgonjwa asipopona, wala kumwachia jirani aseme amelogwa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ukanda wa Ziwa Tanganyika, kwa mapishi yake ya asili, ni miongoni mwa mahali pepesi kwa mtu asiyekula ngano. Ugali wa muhogo au wa mahindi, wali, ndizi, viazi vitamu, maharage, dagaa, migebuka, sangala na kuhe, mawese yanayokamuliwa mkoani humohumo, chumvi ya Uvinza: vyote hivyo, katika hali yake ya asili, havina gluteni hata chembe. Mtama na ulezi navyo ni salama. Mgonjwa wa Ulaya hulazimika kununua unga maalumu kwa bei kubwa. Mgonjwa wa Ujiji anahitaji kikapu na safari ya kwenda mwalo wa Kibirizi alfajiri.

Hatari, basi, haiko katika chakula cha kila siku. Iko katika chakula cha heshima. Ngano ni mgeni katika ukanda huu: mapishi ya pwani yalifika Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, na Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikarahisisha bidhaa za mbali kufika ziwani. Mgeni huyo amepewa kiti cha mbele. Chapati, sambusa, maandazi, keki na tambi ndivyo vyakula vya sikukuu, vya posa, vya harusi na vya kumpokea mkwe. Kwa hiyo mtu anayekula salama siku 360 za mwaka huumia katika zile chache ambazo watu wanaomtakia mema wamemwandalia kilicho bora. Siku ya Wapendanao ni mojawapo.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mke kijana aliyeolewa miezi michache iliyopita na ambaye vipimo vimethibitisha siliaki. Mumewe anajua; familia ya mume haijui. Jioni ya tarehe 14 wanapita kwa wazazi kusalimia, na mezani kuna chapati za moto. Mama mkwe anamsogezea sahani: "Kula, mwanangu. Hata moja tu, chapati moja haijamuua mtu." Mke anamtazama mumewe. Mume, asiyetaka kumwudhi mama yake, anainamisha macho. Mke anakula. Usiku huo na siku zinazofuata anaugua, naye analiita tumbo la kawaida ili asionekane mwenye maringo. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Kilichokosekana ni sentensi moja, na aliyepaswa kuitamka ni mume: "Mama, daktari amemkataza ngano kabisa. Tukipata wali au ndizi, tutashukuru."

Hapo ndipo lilipo suala zima. Mgonjwa wa siliaki haupati uchovu wake mkubwa katika kujinyima. Huupata katika kueleza. Kila mlango anaoingia ni lazima aeleze, akatae, aombe radhi na kuvumilia macho ya watu. Mpenzi anayetaka kutoa zawadi yenye maana siku hiyo na aanze na hiyo: aibebe nusu ya mzigo wa kueleza. Aulize kabla ya kununua, azungumze na mpishi kabla ya kuketi, awatangulie wazazi kwa simu kabla ya ziara. Zawadi hiyo haina gharama, na hakuna duka linaloiuza.

Neno "kidogo tu" linastahili jibu la namba. Kipande kimoja cha mkate huwa na gluteni ipatayo gramu 2, yaani miligramu 2,000. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, ambazo ni sehemu 1 kati ya 40 ya kipande hicho, zikiliwa mfululizo kwa miezi mitatu zinatosha kuujeruhi utumbo. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula haviruhusu kitu kuitwa kisicho na gluteni endapo kina zaidi ya miligramu 20 katika kila kilo. Kujisikia vizuri baada ya kuonja si ushahidi wa usalama. Utumbo unaweza kuumia kimyakimya.

Zaidi ya ngano inayoonekana, ipo iliyojificha. Samaki wa kukaanga huenda amepakwa unga wa ngano ili awe mkavu, au amekaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi. Moto wa karai hauiharibu gluteni. Vitumbua ni vya mchele, lakini wauzaji wengine huchanganya unga wa ngano kidogo ili vishikane. Mchuzi mzito, soseji, sosi ya soya na baadhi ya vidonge vya kukoleza mchuzi huweza kuwa na ngano. Bia nyingi za viwandani hutokana na kimea cha shayiri, na kimea hicho hupatikana pia katika baadhi ya chokoleti na vinywaji vya unga. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Mashine iliyousaga huacha mabaki yanayoingia katika unga wa muhogo wa mteja anayefuata. Anayesaga kwa ajili ya mgonjwa na aombe mashine isafishwe kwanza, au atwange nyumbani.

Baada ya makatazo hayo, bado karamu ya wawili inabaki kuwa tajiri. Mgebuka mbichi aliyechomwa kwa mkaa, akakolezwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, hahitaji unga wowote. Wali wa nazi au ndizi za mawese humfuata vizuri. Mahali pa keki pakae mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Ni mviringo, mweupe, hukatwa vipande kama keki, na wazee wa Ujiji wanaufahamu. Kashata za karanga au za nazi zikae kando ya kahawa. Kinywaji kiwe juisi ya matunda, na kwa wanaotumia kileo, mvinyo wa zabibu badala ya bia. Sufuria, mwiko na ubao viwe vimeoshwa vizuri, na chakula cha mgonjwa kipikwe kwanza. Lililo bora zaidi ni meza nzima kuwa bila ngano jioni hiyo, ili asiwepo wa kulindwa wala wa kuchungwa.

Wanaopenda kula hotelini, wakitazama jua likizama upande wa milima ya Kongo, wasingoje hadi waketi. Simu ya siku moja kabla humpa mpishi nafasi ya kuandaa kikaango safi na mafuta mapya. Swali lisiwe "Je, chakula hiki kina gluteni?" kwa kuwa neno hilo ni geni kwa wengi, na mhudumu mwungwana huitikia ili kumfurahisha mteja. Liulizwe wazi: "Samaki huyu amepakwa unga wa ngano? Mafuta haya yamekaanga nini kabla yake?" Kuuliza si ujinga, na mpishi mzuri hachukizwi na swali linalomsaidia kumhudumia mgeni.

Hata busu lina sharti lake jepesi: aliyekula keki au kunywa bia na asukutue kinywa na kunywa maji kwanza. Na ikitokea bahati mbaya, mgonjwa akala asichojua, lawama haziponyi. Anywe maji ya kutosha, apumzike, arejee katika chakula chake, na amwone daktari iwapo anatapika au kuharisha kupita kiasi. Yasitafutwe madawa ya kusafisha gluteni tumboni; yaliyothibitishwa kufanya hivyo hayapo.

Onyo moja limebaki, nalo ni kwa wale wanaojishuku. Asiwepo mtu wa kuacha ngano kwa sababu ya kusoma makala au kuiga mtindo. Uchunguzi wa siliaki huanza na kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, kisha mara nyingi hufuatwa na kipimo cha kamera kinachochukua vipande vidogo vya utumbo. Vyote viwili huhitaji mtu awe bado anakula ngano. Aliyeiacha mapema anaweza kupata majibu ya uongo yanayosema hana kitu. Mkazi wa Kigoma na aanze kwa daktari katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, akubali kuelekezwa mbali zaidi ikibidi. Ugonjwa ukithibitishwa, wazazi, ndugu wa damu na watoto wake nao wapimwe, kwa sababu takriban mmoja kati ya kumi wao huweza kuwa nao.

Itasemwa kwamba yote haya ni usumbufu mkubwa kwa ajili ya jioni moja. Lakini jioni hiyo ni mazoezi ya nyingine zote: Idi, Krismasi, harusi, arobaini ya mtoto. Mume aliyejifunza kumwambia mama yake ukweli tarehe 14 Februari hatashindwa kuusema sikukuu itakayofuata. Na mama huyo, akishaelewa, ndiye atakayesimama jikoni kwenye harusi ya mwakani na kuwaambia wapishi kwamba sufuria ile ya wali isiguswe na mwiko wa sambusa. Mgonjwa akifika hapo, akala na kushiba bila hofu miongoni mwa watu wake, tiba yake inakuwa imekamilika kwa namna ambayo cheti cha daktari peke yake hakiwezi kuifikisha.