Ipi ndiyo bunduki: nusu ya juu au ya chini?

Kuna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwa watafsiri wetu ya kudhani kwamba istilahi ni kibandiko tu: bandua cha Kiingereza, bandika cha Kiswahili, kazi imekwisha. Ubaya wa mazoea haya hauonekani mpaka mtu akabiliane na matini ya ufundi halisi. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri makala fupi ya Kimarekani inayomshauri mnunuzi jinsi ya kuchagua nusu ya juu ya bunduki aina ya AR-15, pamoja na vilengeo vitakavyopatana na kioo cha nukta nyekundu. Sikuichagua kwa kupenda silaha. Niliichagua kwa kuwa karibu kila sentensi yake humshinda mwenye kamusi peke yake. Mmoja alinirudishia “mpokeaji wa juu” na “mandhari ya chuma”. Wa pili aliandika “risiva ya apa”, akatulia kana kwamba ametafsiri.

Hebu tuanze na kitu chenyewe, maana istilahi isiyotanguliwa na ujuzi wa kitu ni kelele. AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite mnamo miaka ya 1950, nayo Colt ikazinunua haki zake mwaka 1959. Ukichomoa pini mbili, bunduki hiyo huachana nusu kwa nusu. Nusu ya juu hubeba mtutu na komeo, yaani kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma na kuifungia risasi mahali pake. Nusu ya chini hubeba nyundo, kifyatulio, magazini na kitako. Mimi naziita kiunzi cha juu na kiunzi cha chini, kwa sababu kazi yake ni kushikilia vitu vingine. Hakuna kinachopokea chochote kwa maana ya “kupokea” anayoijua Mswahili.

Viunzi vya juu vya zamani vilikuwa na kishikio kisichobanduka, na kilengeo cha nyuma kilijengwa ndani ya kishikio hicho. Anayefunga kioo cha nukta juu ya kishikio hujikuta amekiinua mno, hata shavu likakosa mahali pa kutulia kitakoni. Ndiyo maana wengi hushauri kiunzi bapa chenye reli juu yake, ile ambayo vipimo vyake vilisanifishwa na jeshi la Marekani mwaka 1995 na kupewa jina la Picatinny, makao ya utafiti wa silaha huko New Jersey. Hata hapo, mstari wa jicho hupita takriban sentimita 6 na nusu juu ya mtutu. Kwa shabaha iliyo hatua chache tu, risasi hugonga chini ya nukta kwa karibu kiasi hicho hicho.

Kioo chenyewe si darubini, wala hakikuzi kitu. Taa ndogo humulika lenzi iliyopinda, miale ikarudi jichoni ikiwa sambamba, na nukta ikaonekana kana kwamba iko mbali, pale pale penye shabaha. Kanuni hii ilisajiliwa na Howard Grubb wa Ireland mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikaleta sokoni kioo cha umeme mwaka 1975. Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika, na hapa mwanafunzi mmoja alitafuta saa! Hizi ni dakika za pembe, 60 katika nyuzi moja. Nukta ya dakika 2 hufunika kama sentimita 6 kwa umbali wa mita 100. Mwenye jicho lisilo duara kamili huiona kama mkato wa koma badala ya nukta.

Kwa kuwa betri hufa, hutakiwa pia vilengeo vya chuma vya akiba. Cha mbele kinaweza kuwa kile cha pembetatu kisichosogea, ambacho daima kitaonekana ndani ya kioo, au cha kukunjwa kinachoinuliwa inapohitajika. Makala niliyowapa wanafunzi ilitetea kile kisichosogea, na hoja yake ilinishawishi: kisichokunjwa hakisahauliki kukunjuliwa.

Wahenga wetu hawakuteseka hivi. Walichukua risasi, jina la madini, wakamwita nalo mwana wa bunduki. Walichukua kasiba, ambayo kwa Kiarabu ni mwanzi, wakauita mtutu. Kitako wakakitoa mwilini mwao wenyewe. Walikitazama kitu kwanza, ndipo wakakiita.

Pengine msomaji atauliza: mwalimu wa isimu, haya yote yatatufaa nini? Nitamjibu kwa kesi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 husema kwamba silaha ya moto ni pamoja na “frame or receiver”. Kanuni iliyotungwa baadaye ikafafanua kwamba sehemu hiyo ndiyo inayohifadhi nyundo, komeo na mtambo wa kufyatulia, na ambayo kwa kawaida ina hesi mbele ya kufungia mtutu. Sasa rudi kwenye viunzi vyetu viwili. Cha chini kina nyundo na mtambo, lakini hakina komeo wala hesi ya mtutu. Cha juu kina komeo na hesi, lakini hakina nyundo. Kwa herufi za kanuni, hakuna hata kimoja kilichokuwa silaha! Kwa miongo mingi serikali ilikihesabu cha chini kuwa ndicho, mpaka mwaka 2019, katika kesi moja huko California, jaji alipofikia uamuzi wa awali kwamba maneno hayo hayakitoshi, na waendesha mashtaka wakaona afadhali wapatane na mshtakiwa. Kanuni iliandikwa upya mwaka 2022.

Ilipofika Mahakama ya Juu, tarehe 26 Machi 2025, kwa kura 7 dhidi ya 2, Jaji Neil Gorsuch aliandika kama mwanaisimu. Swali lilikuwa iwapo vipande ambavyo havijaunganishwa vinaweza kuitwa silaha. Alijibu kwamba majina ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu aghalabu hutumika hata kabla kitu hakijakamilika: mtu husema amenunua meza, ilhali bado iko vipande ndani ya boksi.

Naafiki, ila kwa tahadhari. Fundi wetu naye husema anachonga meza akiwa na ubao mtupu. Lakini Kiswahili hicho hicho kina mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini, pale Mwingereza anapotosheka na neno moja. Wabunge wetu wangetunga sheria ya silaha kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, wangelazimika kuamua mapema ni hatua ipi wanayoitaja. Mtafsiri aliyezoea “risiva” hatawasaidia. Hatajua kwamba kwa sheria ya shirikisho ya Marekani kiunzi cha juu, chenye mtutu wake, huletewa mnunuzi mlangoni kama kipuri, ilhali kiunzi kipya cha chini, kipande kisicho na tundu hata moja la kupitishia risasi, hubeba namba ya usajili na akikinunua dukani huchunguzwa kwanza kama aliyenunua bunduki nzima.